Mzungu wa Nne

Mkono tu ndio tuliouona.
Msimu wa pili, sehemu ya saba, sekunde nne:
mkono wa kushoto, pete ya jiwe la kijani,
unamenya chungwa, na ganda linashuka
utepe mmoja, halikatiki.

Wete nzima haikulala.

Naongeza chumvi. Tulikuwa sita,
kwa Faki fundi simu, pale Utaani,
chini ya feni isiyozunguka mpaka uipige kofi.

Shaame kasema: "Atatokea. Hesabuni karata.
Mzungu wa pili kafungwa.
Mzungu wa tatu kaanguka na helikopta yake.
Kabaki nani mkononi?
Hufungi mchezo na wa nne hujamlaza mezani."

Mkasi, anayesomesha hesabu darasa la sita,
kaweka chini kikombe cha kahawa:
"Huyo hakutungwa atokee, katungwa atajwe.
Ngurumo anavunja ghorofa kwa bega,
sawa, tumeona.
Jina utalivunja kwa bega gani?"

Kombo hana bando, huazima macho ya wenziwe,
lakini yeye ndiye aliyeapa:
"Ni yule muuza maua wa sehemu ya kwanza!
Kapewa noti, karudisha chenji kubwa kuliko noti.
Maskini gani hukosea upande huo?"

Hapo tukanyamaza kidogo, maana kweli.

Mimi nilikuwa na ushahidi wangu.
Nilisimamisha picha, nikaikuza ile pete
hata ikawa vigae vya kijani,
na mle ndani, wallahi, uso wa mtu,
kipara, na sikio moja.
Faki akavaa lenzi yake ya kutazamia saketi,
akainama, akainuka.
"Hiyo ni taa," akasema.
Akarudi kwenye bisibisi yake.

Tukabishana hivyo siku tisa.
Nje karafuu zimeanikwa majamvini, harufu inapanda
mpaka kwenye chai, mpaka kwenye mto wa kulalia.
Siku ya kumi umeme ukakatika tangu adhuhuri,
na alasiri gari likasimama mlangoni, halikuzimwa.

Akaingia Bwana Mselem.
Kanzu ya pasi, simu ya kioo kilichopasuka.
Anachouza dukani twakijua: saruji, mabati, misumari.
Asichouza dukani pia twakijua,
na magunia yake, na saa yanapoondoka,
na watoto wetu wanajua,
wala hapana aliyewahi kufundishwa.

Akakaa kwenye benchi, kati ya Shaame na Kombo.
"Endeleeni. Mlikuwa mkimsema nani?"

Mkasi akajibu, sauti ya darasani imemtoka:
"Mtu wa kwenye tamthilia, bwana. Si mtu."

"Yule wa chungwa?"

Hatukujua kama naye huangalia.

"Hatokei," akasema, taratibu, kama mtu
anayesahihisha daftari la mtoto anayempenda.
"Akitokea, keshakwisha.
Mkubwa huwa humuoni, mwanangu.
Unachoona ni watu, namna wanavyonyamaza."

Kisha akatutazama, mmoja mmoja.
Sote sita. Na feni.

Akacheka peke yake, kicheko kifupi, cha aibu karibu.
Faki akataja elfu thelathini.
Akahesabu noti tano za kumi kumi, akainuka.
"Chenji yako, bwana."
"Nunulieni bando. Mje mniambie kama nimekosea."

Gari likakata kona ya msikiti.
Tukasubiri hata mlio wake ukaisha,
tukasubiri tena kidogo, kwa adabu.

Ndipo Kombo, macho yamemtoka, akashika kidole chake
cha kushoto, kile cha pete:
"Mmekiona? Pale chini, duara jeupe,
mahali jua halijafika miaka.
Kaivua! Kaivua leo leo!"

Faki hakuinua kichwa.

"Hiyo ni taa," akasema,
ndani ya kibanda kisicho na umeme,
akaendelea kufungua skurubu ya simu ya Bwana Mselem
kama anayefungua mlango usio wake.