Kulabu ya Ijumaa

Barua ya maabara ilifika Aprili, hapa Hamtramck,
theluji nyeusi ingali imejikunyata nyuma ya gereji.
Udongo wa ua wenu, ilisema, una risasi.
Hakuna aliyefyatua.
Ni rangi ya kuta iliyobanduka kidogokidogo,
ni moshi wa kiwanda cha betri ng'ambo ya reli,
miaka sitini ya kudondoka bila mlio
juu ya kabichi, juu ya bitiruti,
juu ya magoti ya mama yangu enzi za kutambaa kwake.

Nyanya Bronka akaikunja barua mara nne,
akaitia chini ya mguu wa meza unaoyumba.
"Basi," akasema, "tutapanda hewani."

Ndoo tano za rangi, zimesuguliwa kwa siki.
Kila moja tundu kitakoni, upana wa kiganja cha mtoto.
Tahmid wa ghorofani alizishika, mimi nikapenyeza miche
kichwa kwanza, taratibu,
kama unavyomvisha kichanga fulana:
hofu yote iko shingoni.
Sponji ya vyombo iliyochanwa ikawa kola.
Kisha udongo wa dukani, wa mfuko,
usiomjua yeyote kati yetu.

Kulabu zilikuwa za babu.
Miaka thelathini na mmoja Kazimierz alisimama shimoni,
magari yakipita juu yake yamening'inia mnyororoni,
matumbo wazi,
naye akikaza boliti, akikaza, uso juu,
mafuta yakimdondokea kwenye kope.
Hata jenezani tulimwekea mto wa pili;
shingo ilikataa kunyooka.
Wiki ya mwisho, kabla kiwanda hakijafungwa,
alitoka na kulabu moja kila siku ndani ya kopo la chakula:
Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa.
Hakusema ni za nini.

Sasa nyanya yuko juu ya ngazi,
nyanya ziko chini ya ndoo,
na Bwana Stachura wa nyumba ya pili anacheka hadi anakohoa:
"Bronka, umezitundika kama popo!"
"Popo hawali risasi," anajibu, bila kugeuka.

Wiki ya tatu mashina yakagoma.
Yalishuka kidogo, yakasita,
yakajipinda kurudi juu, kila moja mpini wa mwavuli,
yakizunguka ndoo kulitafuta jua.
Nilijaribu kulinyoosha moja. Likakatika, ka!
Siku nzima vidole vyangu vilinuka ukijani ule mkali,
na sikumwambia mtu.

Maji asubuhi, maji jioni,
na beseni chini kukinga matone,
maana Bronka hakutaka hata tone moja
liende likazungumze na ule udongo.

Usiku mmoja wa Agosti, mlio.
Tulilala sakafuni, kama tulivyofunzwa shuleni,
Tahmid na mamake vilevile juu yetu, nilisikia magoti yao.
Kimya. Mbwa wa mtaa wa tatu. Kimya.
Kulipokucha tukaona: ubao ulikuwa umeoza,
kulabu ya Ijumaa imeng'oka na skrubu zake,
ndoo imepasuka,
na nyanya, za kwanza kuiva, zimetapakaa uani,
nyekundu juu ya udongo.

Tahmid aliinama kuokota.
Bronka akampiga mkono. Hakuwahi kumpiga mtoto wa mtu.
Akaukamata uleule mkono, akaupeleka bombani,
akausugua, akausugua, midomo ikimtetemeka,
sabuni hadi kwenye kiwiko.

Kisha akarudi barazani, akasimama chini ya ndoo ya Alhamisi
kutazama kama ubao utahimili.
Alitazama muda mrefu, uso juu,
shingo imepinda vilevile, kabisa vilevile.
Akanyoosha mkono, akachuma moja, vuguvugu,
akaigawa kwa kisu cha mfukoni vipande vitatu.

"Chumvi," akasema. "Mbona mmesimama? Leteni chumvi."