Nyumba Haigawanywi

Siku baba alipokata roho, kabla hatujamfunga taya,
nilitumwa kwenye mizinga.
Huku Pirenei nyuki huambiwa kwanza.
Nikagonga kwa ufunguo wa mlango mkubwa:
Nyuki wadogo, bwana wenu hayupo,
tangu leo bibi yenu ni mimi, Engrazi.
Wakavuma kidogo, wakanyamaza.
Hawakuuliza kwa nini mimi na si Allande.

Kwetu hazitazamwi ndevu wala ushungi.
Hutazamwa nani alitangulia kulia,
na mimi nilitangulia, usiku wa barafu, miguu kwanza.
Wengine wakazaliwa nyuma yangu
kama watu waliofika shughulini sinia limeshafutwa.

Nyumba ya Oihanburu haigawanywi.
Ipasue sufuria vipande vinne:
hupati vijisufuria vinne,
unapata vyuma, na uji umemwagika.

Sheria ya Paris iliamuru tugawane sawa kwa sawa.
Babu alisema Paris haijawahi kufyeka nyasi kwenye mteremko huu.
Baba naye, angali hai, akamwita wakili, akampa jibini na mvinyo,
na ndugu zangu wakatia sahihi mmoja mmoja
kwamba wamepokea ambacho hawakupokea.
Erramun hakujua kuandika. Alichora msalaba,
ukainama upande, kama wa kaburini baada ya mvua.

Allande: faranga mia mbili, mkanda wa ngozi, njia ya Bordeaux.
Kattalin: masista wa Bayonne.
Erramun: Nevada, ambayo sote tuliitamka vibaya.

Enzi za bibi yangu bonde lilikuwa na nyumba thelathini na moja.
Nimezihesabu jana kwa moshi wake:
thelathini na moja.
Bonde letu ni kibaba.
Kikijaa, kinachozidi humwagika,
na kilichomwagika wakakiita Ajentina.

Muuza sindano mmoja, mtu wa Wurtemberg,
alituambia kwao kila mtoto hupewa chake,
hadi shamba la viazi likawa na upana wa mkanda;
ng'ombe akigeuka huko, mkia uko kwa shemeji.
Basi nanyi mmepona, nikamwambia.
Akafunga sanduku lake.
Wangu wote wawili, akasema, wako ng'ambo.

Mume wangu Ganix alikuja na mbuzi kumi na wawili na kitanda.
Jina lake aliliacha kizingitini
pamoja na viatu vyake vya mbao.
Viatu alivivaa asubuhi.

Usidhani nilipewa nyumba. Nyumba ilipewa mimi.
Mimi ndiye ninayewasha nta kanisani kwa wafu wake,
ninayelipa deni la paa, ninayejua
ni jiwe gani hutoa jasho kabla ya theluji.
Sijawahi kuiona bahari.

Mwaka wa tisa ikaja barua, mkono wa mtu mwingine.
Erramun analala na kondoo elfu mbili na mbwa mmoja.
Kuna miti myeupe huko, gome laini kama siagi,
na wachungaji huichora kwa ncha ya kisu.
Amejifunza herufi nane tu,
zinazotosha kuandika Oihanburu.
Ameiandika kila mlima aliopita.
Mti ukinenepa, alisema, maandishi hupanuka;
jina la mwaka wa kwanza
sasa halitoshi mikononi mwake akilikumbatia.

Hapa nyumba haijaongezeka hata banda la kuku.

Nyuki wana akili nyingine.
Mzinga ukijaa, malkia mkongwe ndiye anayehama;
humwachia binti masega na asali yote,
akaenda kuning'inia tawini na wafuasi wake,
hana hata pa kulala.
Nimewatazama kila kiangazi.
Sijaweza kufanya hivyo.

Nina watoto watano. Nyumba ni ya Marixan,
alitangulia.
Wa tatu, Mañex, ana miguu mirefu
na huuliza treni inaishia wapi.
Namshonea koti.
Nimelikata kubwa kuliko mwili wake,
mifuko miwili ndani,
na upindo wa kufumua akirefuka
mahali ambapo sitakuwepo kuupima.