Mkono wa Mtu wa Chuma

Uliingia Birere ndani ya mtumba wa viatu,
umeviringishwa gazeti la lugha nisiyoisoma:
mkono wa mtu wa chuma, wa ile filamu,
nakala ya nakala, resini ya manjano kama jino la mvuta tumbaku,
vidole vimegandana kama ndizi changa,
mshono umekatiza kiganja, kovu la daktari mlevi.
Takataka, alisema mwenye mtumba. Kisha akataja bei.

Filamu tuliiona kwa Baba Nsimire,
mabati, mabenchi, jenereta ikikohoa uani.
Kanda ilikwama kila siku pale pale:
mkono unainuka,
kuaga au kupiga hatukujua,
picha inatetemeka, Baba Nsimire anatukana mashine.
Januari ile ya moto, lava iliingia ukumbini bila tiketi.
Kanda iko chini ya miguu yangu sasa,
mita mbili, pengine tatu.
Juu yake nimejenga karakana.

Nasugua. Msasa wa dukani umepanda bei,
nachukua jiwe hili hili jeusi, lenye matundu,
nalichovya ndani ya beseni, nasugua tena.
Viputo naviziba kwa mastiki ya gereji;
nikifumba kimoja, kingine chafumbua jicho.
Vidole nimevipasua kwa msumeno wa chuma, polepole,
nikizuia pumzi kama mkunga.
Vifundo ni njugu za pikipiki iliyokufa Sake,
mishipa ni waya wa breki.
Ukivuta huku, kidole cha shahada kinakunja.
Nakala yao haikuweza hivyo.

Ila kidole cha mwisho.
Pale pana uvimbe tu, kama neno lililomezwa.
Vilikuwa vitano au vinne?
Fundi redio Bitasimwa anaapa vitano.
Mama Riziki wa makala anasema sita,
lakini yeye huongeza kila kitu.

Nikaenda kwa Nzanzu, mchonga chukudu.
Hakuacha kazi. Vumbi la mti lilimkalia kwenye kope.
“Vinne,” akasema.
“Nilikaa benchi la mbele,
mwezi ule ule tezo iliponila.
Nilirudi siku tisa mfululizo, nikilipa.”
Akainua mkono wa kushoto kuelekea mlangoni kwenye mwanga,
ukasimama pale pale
kanda ilipokuwa ikikwama.

Usiku umeme ulirudi kwa saa moja.
Nikausugua uvimbe hadi ukalala,
nikapaka rangi ya bati, mara tatu,
unga wa resini umenijaa puani.
Bitasimwa atakuja kesho, atabisha,
na huenda kweli yuko naye.

Mastiki imebaki kidogo kwenye kopo.
Nimeifunika vizuri
isikauke.