Sekunde Kumi na Moja

Nimewakata watu kumi na tisa kwa mkasi wa jikoni.
Wametanda sakafuni, vipande vipande,
kila kipande na namba yake pembeni:
wa tatu, mstari wa mia mbili na sita.
Paka nimemfungia chumbani. Dirisha nalo nimelifunga,
maana upepo wa Machi huku hauheshimu mbinu.

Kiwanda cha karatasi kilifungwa, mji ukabaki.
Nikaenda na kinasa sauti kuwauliza waliobaki
mnaishije.
Ndilo swali lenyewe, ukilivua joho la chuo kikuu.
Wakanijibu kwa saa thelathini na moja.
Nikanukuu kila "mm", kila kikohozi,
nikasoma mara ya kwanza bila kalamu, kama nilivyofundishwa,
mara ya pili na penseli za rangi:
samawati kwa fidia,
manjano kwa harufu
(wote wanaitaja, ile ya kabichi iliyoungua;
ilipokuwepo waliilaani, leo wanafungua mlango kuitafuta),
nyekundu kwa aibu.
Nyekundu nimeichonga mpaka haishikiki.

Jouko anasoma nakala zile zile kwake Tampere,
tupate kujua kama macho manne yanaona mamoja.
Kila Jumatano tunapigiana simu, tunagombana.
Wiki hii ni Veikko Pulkkinen, fundi wa mashine ya nne.
Nilimuuliza: siku ile ya barua, ulimwambia nani kwanza?
Unukuzi unasema:

          (kimya, sekunde kumi na moja)
          Kahawa yako itapoa.

Jouko kaandika pembeni: hakuna jibu.
Mimi nimeandika: jibu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu;
hiki kilikuwa kichache, ikabidi nitege sikio.
Nikairudia kanda. Mna friji inayonguruma mle ndani,
mna kijiko kinachogusa kisahani,
na kwenye sekunde ya nne, jikoni,
bomba la maji linafungwa.
Mkewe alikuwa akiosha vyombo.
Aliacha.

Leo nilikuwa natambaa kwa magoti
nikihamisha vipande vya kijani, vya mandhari,
vile visivyo na kazi sana, ziwa na misonobari,
nikakutana na wa kumi na nne:
Irja, mwenye kibanda cha chambo kule gatini.

          Vuli ile hapakuwa na mtu asubuhi. Gari moja tu.
          Bwana mmoja ndani, kopo la chakula mapajani.
          Ikifika saa nane anawasha, anaondoka.
          Nilidhani anavizia samaki.

Saa nane mchana. Zamu ya asubuhi ilitoka saa nane mchana.
Na mimi, msomi, nilikipaka kijani.

Nikakiweka kando ya zile sekunde kumi na moja.
Vikatoshana.
Sina ushahidi; magari mjini ni mengi, na waume pia.
Kitabu cha mbinu kinasema linganisha, kisha linganisha tena,
mpaka data iseme.
Hakisemi iseme mbele ya nani.
Kila mhojiwa ameahidiwa nakala ya ripoti,
na katika mji wa watu elfu mbili
kumbadilisha mtu jina ni kumvika kofia tu.
Yule wa bombani ataisoma, amevaa miwani,
ataanza na ukurasa wenye machine ya nne,
hapana, ataanza na ukurasa wa gatini.

Jumatano nilimwambia Jouko: umeshinda,
andika hakuna jibu.
Akafurahi mno. Makubaliano yetu, akasema,
yamepanda hadi asilimia themanini na nne,
jarida lolote litatupokea.

Nikakirudisha kipande cha Irja kwenye misonobari.
Kisha nikamfungulia paka,
akapita juu yao wote bila kuchagua,
akajikunja, akalala juu ya fidia.