Hesabu za Viazi

Mimi bei naihesabu kwa viazi.
Mazabodi: magunia matatu, lumbesa,
ya shamba la chini, lile lisilopigwa na baridi.
Kava: madebe mawili. Lina kutu ubavuni
na stika iliyoandikwa MALI YA,
halafu basi, jina limebanduliwa.

Nilipomwambia Asangalwisye wa Mwanjelwa
nataka ramu, giga nane,
alitazama gambuti zangu, tope la Isyonje bado bichi,
akauliza, "Ya shule?"
Nikasema, yangu.
"Ya biashara?"
Nikasema, yangu.
Akaipangusa kwa shati, akaifunga kwenye gazeti
kama mtu anayefunga dagaa.

Nyumbani haikuingia.
Pengo la ramu na jino la mazabodi
yalipishana unene wa punje ya mchele.
Nikabonyeza kidogo. Nikabonyeza kidogo tena.
Kuna mlio ambao mkono unausikia kabla ya sikio.
Nikaacha.
Kumbe ramu ni ya kizazi cha nne, ubao wangu wa tatu,
na vizazi, hata huko, havikalii kigoda kimoja.

Nauli ya kurudi mjini: sado moja kwenda, moja kurudi.
Asangalwisye akasema mali ikitoka hairudi,
kisha akairudisha,
akakata sado nne "za usumbufu."

Prosesa ilipanda basi la usiku kutoka Dar
ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka,
imeviringishiwa pamba.
Pini tatu zimelala kifudifudi.
Nilikaa nazo tangu adhuhuri mpaka kuku wakaingia bandani,
nikiwa na sindano ya mama, ile nyembamba ya vifungo:
nainua moja, napumulia pembeni,
nainua ya pili.
Bupe kanishikia tochi, mdomo haumfungi:
"Kaka, mke utamtazama hivi?"
Ya tatu haikunyooka sawasawa.
Mpaka leo imeinama,
kama mtu mrefu kwenye mlango mfupi,
lakini inapita.

Pawa saplai ya kwanza ilikuwa nyepesi.
Hapa ndipo ninapojilaumu.
Kiazi kikubwa kikiwa chepesi mkononi
kimeoza katikati, hilo nalijua tangu sijaota meno ya ukubwani;
kwa nini sikuutumia mkono uleule?
Ililia tap! mara moja,
chumba kikanuka samaki,
na Luku ikazimika nyumba nzima,
mama akiwa katikati ya kusonga ugali.
Hakusema kitu. Ugali ule tulikula mbichi.

Ya pili niliipima kwa kuinyanyua dukani,
juu, chini, juu,
Asangalwisye akacheka: "Unanunua mbuzi?"
Nikamwambia ndiyo.

Ikawaka mwezi wa sita, saa kumi na moja alfajiri,
ukungu umekaa mpaka kizingitini
na majani ya viazi yamevaa chumvi ya barafu.
Feni ilisita, kama inayokumbuka,
kisha ikazunguka.
Nilimwamsha Bupe. Akasema nitaona kesho.
Mama ndiye aliyekuja, kajifunika blanketi.
"Inafanya nini?"
"Inawaka."
"Halafu?"

Halafu sikuwa na jibu.
Kwenye skrini, herufi nyeupe ziliniambia
hakuna diski ya kuanzia,
jambo nililolijua;
diski ni magunia mawili, na mawili hayo bado yako ardhini.

Mama akapeleka kiganja nyuma ya kava,
pale feni inapotoa pumzi,
akakiacha hapo muda mrefu.
Akatoka.
Akarudi na boksi la vifaranga saba
ambao mwewe amewachukulia mama yao,
akalisogeza, akalipima kwa kiganja, akalisogeza tena.
"Usiizime," akasema.

Nikakaa kwenye kigoda nikisoma sentensi ileile,
hakuna diski, hakuna diski,
na huku nyuma wakilia lia,
mmoja mmoja wakinyamaza,
nami nikijumlisha: shamba la juu, matuta kumi na manane,
kama mvua.