Dakika Kumi za Chinguile

Mimi si mtaalamu. Napima korosho ghalani, Newala,
mkono mmoja kwenye mizani, wa pili kwenye kalamu,
na usiku natazama filamu kama wengine wanavyobwia ugoro:
nikikosa, kichwa kinaniuma.

Sipendi mvua ya filamu.
Inanyesha upande mmoja wa barabara,
na nyuma ya wapenzi wanaoloa amesimama mbuzi mkavu.
Sisi wa huku juu, tunaonunua maji kwa ndoo,
hatulii watu wakiachana mvuani. Tunahesabu.
"Ndoo arobaini," alisema mama yangu Somoe,
"na hata beseni hawakukinga."

Sipendi tamthilia ambamo kila nyumba ina ngazi
na hakuna anayekwenda kazini.
Bosi anashuka ngazi, anagombana, anapanda ngazi.
Chai inamiminwa, hainywewi.
Miaka mitatu nafuatilia ile ya saa tatu usiku,
sijaona mtu akimaliza chapati.
Mama mkwe ni mbaya tangu kipande cha kwanza.
Wangu alinifundisha kubangua korosho
bila kuunguza vidole.
Yeye ataigizwa na nani?

Na mtu wa kusini akitokea, ni mlinzi wa geti.
Ana rungu, ana lafudhi, anaanguka na kiti chake.
Watu wanacheka. Mimi pia nilicheka,
mara mbili za kwanza.

Napenda mtu akinyamaza, na muziki nao ukanyamaza.
Napenda adui mwenye mafua.
Napenda yule mama mwenye ndizi kichwani
aliyepita nyuma ya majambazi wakipigana,
akageuka, akaitazama kamera, akaona si lolote,
akaenda zake.
Mimi ningemfuata yeye.

Lakini filamu bora niliyowahi kuiona
sikuiona.
Niko darasa la sita, korosho zimepanda bei,
kibanda cha Nambunga, kuta za magunia,
mia mbili kuingia, au kopo la korosho.
Filamu ya Kichina: baba aliuza shamba,
mtoto anarudi baada ya miaka kumi na tano kudai jibu.
Chinguile kashika kipaza sauti, anatutafsiria
lugha ambayo hakujua hata salamu yake.
Mto wa kule aliuita Ruvuma.
Mfalme, mwenyekiti wa chama cha msingi.

Mtoto akafika mlangoni. Baba akafungua.
Umeme ukakatika.

Tukadai hela zetu. Mtu akarusha kiatu.
Chinguile akasema, sauti yake tupu sasa, ndogo:
"Kaeni. Naikumbuka."
Na gizani, dakika kumi, akatusimulia:
baba hakusema kitu. Aliingia jikoni,
akarudi na sahani mbili,
moja ya kitoto, yenye ufa,
ameitunza miaka yote ile.
Akapakua. Wakala. Wakamaliza.
"Halafu?"
"Basi. Baba ndiye aliyeosha vyombo."

Tulitoka kwenye ukungu, hakuna aliyedai tena hela.

Mwaka jana nimeipata kwenye simu ya mwanangu,
na maandishi ya Kiswahili chini.
Mlango unafunguka. Wanapigana.
Baba anaruka juu ya paa, mtoto anaruka juu ya paa,
paa linawaka, baba anakufa huku akihutubia.
Niliirudisha nyuma mara tatu
nikitafuta jikoni.

Jumatatu Chinguile kaleta mzigo, ndevu zimekuwa nyeupe.
Nikamwambia, "Ulitudanganya."
Hakuuliza lini. Aliitazama mizani.
"Ile ya shamba? Hata mimi sijawahi kuufikia mwisho wake.
Kila nikiiweka, umeme."

Mshale ukatulia kwenye sitini na nne.
Nikaandika sitini na nne.
Nilitamani sana kuandika sitini na tano.