Waya za Malogo

Julai, saa kumi na moja alfajiri, Nkuhungu.
Upepo umeamka kabla ya watu, una vumbi na baridi yake.
Nazungusha ufunguo: tik.
Tena: tik.
Taa za dashibodi zinanitazama
kama wagonjwa walioamshwa kunywa dawa,
kisha zinafumba.

Zamani, yaani hadi Mei,
ningepiga hatua ishirini mpaka geti la bluu,
nibishe hodi kwa sauti ya mtu anayedaiwa.
Malogo angetoka na msuli, mswaki mdomoni,
na waya zake mbili begani,
ule mwekundu umefungwa kitambaa pale kibanio kilipovunjika,
na kabla ya salamu angesema:
"Umeacha taa tena?"

Sikuwa nimeacha taa. Betri ilikuwa imezeeka.
Sikumwambia. Nilishika waya.

Kisha barua ya uhamisho: Kigoma.
Magodoro yakapanda Fuso, na waya zikaondoka naye,
maana zilikuwa zake.

Basi Jumamosi moja ya Juni nikashuka Majengo.
Hatibu akanipangia visanduku kwenye kaunta
kama mtu anayegawa karata.
"Hiki, bosi, ampea elfu nne."
Nikakipima kiganjani: mche wa sabuni ulioogewa nusu.
Ampea elfu nne zimejificha wapi humu?
"Si zimeandikwa hapo?"
Kweli zimeandikwa.
Hata gunia la mbolea feki limeandikwa mbolea.

Nikamwambia, mimi nina Hilux ya dizeli,
inanibebea zabibu kutoka Mpunguzi,
na dizeli asubuhi ya baridi haiamki kwa kubembelezwa.
Usinionyeshe kilichotengenezewa Vitz.
Nionyeshe vibanio. Nionyeshe waya, unene wake,
kama ni shaba au bati lililopakwa rangi ya shaba.
Nikisinzia nikaweka nyekundu kwenye hasi,
kitanipigia kelele au kitanilipukia?
Kikikaa kabatini miezi mitatu, kitakuwa na chaji,
au nitakuwa na betri mbili zilizokufa
badala ya moja?

Hatibu akacheka. Akainama chini ya kaunta,
akatoa kimoja kizito, kina vumbi,
hakina redio, hakina tochi ya rangi tatu,
bei yake mara mbili.
"Hiki hakitoki," akasema. "Watu wanapenda tochi."

Nililipa. Iliniuma.
Kreti kumi na mbili za zabibu, kwa hesabu ya shambani.

"Usikiache juani ndani ya gari," akaniita nikiwa mlangoni,
"jua la hapa likifika Oktoba linapika hata mawazo."
Ndiyo maana kinalala chini ya kitanda chetu,
na Sechelela, mke wangu, anakiita mgeni:
mgeni amekula chaji? mgeni ataamka saa ngapi?

Leo mgeni ameamka.
Nyekundu kwa chanya.
Nyeusi kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri.
Nasubiri pumzi mbili, tatu.
Ufunguo.
Hilux inakohoa, inatema moshi, inanguruma
mpaka mbwa wa mtaa wa pili wanajibu,
na hakuna geti lililofunguka,
hakuna aliyeniuliza kitu.

Mtegemea cha nduguye, walisema wahenga. Haya.
Simtegemei mtu sasa.
Nimesimama uani na injini inayotetemeka,
nina jibu la miaka sita kooni, "ni betri tu, Malogo, imezeeka,"
na wa kumpa hayupo.

Nafungua geti nitoke.
Mbele ya taa zangu amesimama mpangaji mpya wa geti la bluu,
sare ya magereza, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.
"Samahani, jirani. Nimesikia lako limewaka.
Langu limekufa kabisa. Una waya?"

"Waya sina," namwambia,
na uso wake unaanza kuanguka,
lakini mkono wangu umeshakifikia kisanduku,
na mdomo, bila kuniomba ruhusa,
umeshauliza:

"Umeacha taa?"